Rimiksi ya mwaka 1852

Unadhani rimiksi ililetwa na madijei? Msikilize Franz Liszt, staa wa piano kutoka Hungary. Mwaka 1852 alitoa *Soirées de Vienne*, waltzi tisa alizounda kwa kuunganisha vipande vya Franz Schubert. Mwenyewe Schubert alikuwa ametunga waltzi fupi fupi, za moja-mbili-tatu, marafiki wacheze dansi sebuleni kule Vienna. Alifariki 1828 akiwa na miaka 31 tu.

Liszt hakumezea mali ya marehemu: jina la Schubert liko pale pale kwenye kichwa cha kazi. (Wanaokopa biti kimyakimya, mpo?)

Anza na namba 6. Vidole vinakimbia, noti zinamwagika kama mvua ya mawe, kisha ghafla kale kawimbo ka sebuleni kanarudi, taratibu.