Mtoto hajaonekana, mama amekwisha hukumiwa

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa maneno. Ndiyo kazi yangu na ndicho chakula changu. Chuoni mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alitukariria kila siku kwamba ulimi ni kiungo kidogo chenye hesabu kubwa, nami nilidhani kuwa somo hilo nimelihifadhi. Safari moja ya Kitui ilinionyesha kwamba sikulihifadhi.

Nilikuwa nikienda arusini. Mtu wa Mombasa aendaye Kitui siku hizi hana haja tena ya kuzunguka kwa Machakos. Basi hukata kona Kibwezi, likavuka mto Athi, likatokeza Ikutha na Mutomo kwa njia ya lami mpaka mjini. Kibwezi, ambayo ni Makueni, tulisimama ili watu wanywe chai, na pale mkahawani ndipo nilipoisikia habari. Mtoto mchanga wa miezi michache ametoweka nyumbani kwao, ng'ambo ya mto, upande wa Kitui. Kijiji sikitaji, wala ukoo siutaji. Mama alikwenda kuteka maji, aliporudi hakumkuta.

Habari yenyewe ilisimuliwa kwa dakika moja. Hukumu yake ilichukua nusu saa. Mmoja alisema mama amemwuza. Wa pili akasema la, baba ndiye aliyekuwa akimkana mtoto tangu kuzaliwa. Wa tatu alikuwa amesikia kwamba yule mama hakulia, na mama asiyelia ana lake jambo. Aliyekuwa akikaanga mandazi aliacha mandazi yaungue ili na yeye atoe fatwa yake. Tuliporudi garini shauri lilikuwa limekwisha, na katika wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyejua jina la huyo mama.

Nami nikaona nisipitwe. Ndani ya basi nilitunga ubeti, mizani yake sawa, vina vyake vimelala vizuri, wa kumkejeli mama aliyempoteza mwanawe. Sitaurudia hapa. Abiria walicheka, kijana mmoja akaniomba niuseme tena apate kuunasa kwa simu yake, na mimi, kwa kupenda kusifiwa, nikausema tena.

Nyuma yangu alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, amepakata mfuko wa unga. Tulipofika karibu na Ikutha alisimama ateremke, akaniinamia kwa adabu akasema: "Mzee, mimi ni dada yake huyo mama. Tumemtafuta mtoto siku mbili kwenye mchanga wa mto. Watu walikuwa wachache." Akashuka. Basi likaondoka, na mimi sikuwa na neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza lile swali ambalo pale mkahawani tuliliuliza kama kwamba ni ushahidi: mama alikuwa wapi? Anayejua Ukambani hawezi kuliuliza kwa sauti ile. Kiangazi kikiingia, mito ya Kitui na Makueni, kama vile Tiva, Thua na Kaiti, huwa mchanga mtupu. Wanawake huchimba mashimo mle mchangani, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kata kwa kata mpaka mitungi ijae, kisha wakaitwika au wakawapakia punda. Kwenda na kurudi ni saa nyingi. Mtoto mchanga huachiwa bibi yake au dada yake wa miaka minane. Na nchi hiyo imepakana na mbuga: Kibwezi iko chini ya vilima vya Chyulu, na Ikutha haiko mbali na Tsavo. Fisi huko si hadithi ya kuwatishia watoto walale. Mama alikuwa wapi? Alikuwa majini, kama alivyokuwa jana na juzi.

Sisi watu wa pwani tuna methali moja ambayo kwa kweli sijui ni nani aliyetuletea: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeisikia ikitumiwa barazani mara elfu, na kila mara ni kwa kumpaka mtu matope. Mwenye kuitumia hahitaji shahidi. Neno likiwa kweli ameshinda, na likiwa uongo basi "laja", tungoje. Ni methali ya mtu mvivu, na mbele ya mtoto aliyepotea ni methali yenye dhuluma, kwa sababu macho ya kijiji yakikazwa usoni kwa mama hayabaki macho ya kutazama nyayo mchangani.

Kuna kisa kimoja cha namna hii ambacho kimechunguzwa tangu mwanzo hata mwisho, jambo ambalo ni nadra kwa uvumi. Hakikutokea kwetu. Kilitokea Australia, katika nchi kame yenye mchanga mwekundu ambayo Mkamba angeitambua.

Usiku wa tarehe 17 Agosti, 1980, mchungaji mmoja wa Kisabato, Michael Chamberlain, na mkewe Lindy, walikuwa wamepiga hema karibu na jabali kubwa liitwalo Uluru. Mtoto wao Azaria alikuwa na wiki tisa. Kilio kilisikika, mama akaenda hemani, akapiga kelele kwamba dingo amemchukua mwanawe. Dingo ni mbwa mwitu wa huko. Wenyeji wa asili, ambao ni mafundi wa kusoma nyayo, walizifuata usiku ule na kuziona za dingo. Mwezi wa Februari, 1981, hakimu wa kwanza aliyechunguza alikubali kwamba mbwa ndiye aliyemchukua mtoto.

Lakini nchi ilikuwa imekwisha amua vingine. Watu walimwona Lindy katika televisheni, wakasema huyu mbona halii? Wakasema dini yao ni ya siri. Wakasema jina Azaria maana yake ni sadaka ya nyikani, na halikuwa na maana hiyo kabisa; ni jina la Kiebrania lenye maana ya kwamba Mungu amesaidia. Wakasema alikuwa akimvika mtoto nguo nyeusi. Yote haya yalikuwa maneno ya mkahawani, isipokuwa mkahawa wenyewe ulikuwa nchi nzima. Kesi ilifunguliwa upya. Wataalamu wakaapa kwamba ndani ya gari lao mna damu ya mtoto mchanga, na kwamba nguo ya mtoto, iliyookotwa baada ya wiki moja, haikuraruliwa na meno bali ilikatwa kwa mkasi. Tarehe 29 Oktoba, 1982, Lindy alihukumiwa kifungo cha maisha, naye alikuwa mja mzito. Akajifungulia kifungoni.

Mwanzoni mwa mwaka 1986, mtalii mmoja alianguka kutoka kwenye jabali lile akafa, na waliokuwa wakitafuta mwili wake wakakuta mahali penye mapango ya dingo koti dogo la mtoto, lile lile ambalo mama alisema tangu siku ya kwanza kwamba Azaria alikuwa amelivaa, na lile ambalo waendesha mashtaka hawakuamini kuwa lilikuwapo. Akafunguliwa siku chache baadaye. Ile michirizi ya "damu" iliyotiliwa nguvu sana mahakamani ilibainika kuwa ni dawa iliyopulizwa kiwandani ili kupunguza kelele za gari. Mwaka 1988 hukumu ikafutwa. Na mwezi wa Juni, 2012, karibu miaka 32 tangu usiku ule, hakimu mwingine akatangaza rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto.

Msomaji wangu aliyesoma Suratu Yusuf amekwisha niwahi. Huko pia kuna mtoto aliyepotea, kuna nguo, na kuna mbwa mwitu. Ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) walirudi jioni wakilia, wakaleta kanzu yenye damu ya uongo. Wafasiri husimulia kwamba Nabii Yaakub (A.S.) aliitazama kanzu ile, akastaajabia mbwa mwitu mpole aliyemla mwana bila ya kuichana nguo yake. Kule Australia wataalamu walitumia hoja ile ile, kwamba nguo haikuchanwa kama inavyostahili kuchanwa na mnyama, wakampeleka jela asiye na kosa. Katika kisa kimoja mnyama alisingiziwa, na katika cha pili mama. Tena wale ndugu walilia, na Lindy hakulia. Basi machozi ni ushahidi wa nini?

Sisemi kwamba wazazi wote ni malaika. Wako waliowadhuru watoto wao, na polisi wana haki, bali wana wajibu, kumhoji mama na baba kabla ya mtu yeyote mwingine. Wako pia wezi wa watoto: mwaka 2020 shirika la BBC lilionyesha jinsi watoto wachanga wanavyoibwa na kuuzwa jijini Nairobi, na watumishi wawili wa hospitali moja ya umma wakatiwa hatiani mwaka 2023. Lakini kuhoji ni kazi yenye mwenyewe. Mpelelezi huuliza, huandika, na akikosea yuko wa kumkosoa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Baraza halina daftari wala rufani. Na yule mama akijua kwamba baraza linamngojea, huenda akachelewa kupiga yowe, au kupiga simu ile ya bure ya 116 ya kuwasaidia watoto, kwa kuhofia atakachoambiwa.

Ukambani kwenyewe wanajua dhana inavyoua. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumpiga mwanamke mmoja hata akafa, kwa tuhuma kwamba amemroga mke wa mtu. Hukumu ya kunyongwa haikutekelezwa. Ya yule mwanamke ilikuwa imekwisha tekelezwa.

Na sisi Waislamu hatuna udhuru hata kidogo. Sote tunakijua kisa cha Bibi Aisha (R.A.), jinsi alivyokwenda kutafuta kidani chake kilichokatika, msafara ukamwacha, akaletwa na Safwan, na Madina ikasema kwa muda wa mwezi mzima. Zikateremka aya za Suratun Nur, na hukumu yake ni kali: mwenye kumsingizia mwanamke mwenye heshima asilete mashahidi wanne, apigwe viboko themanini. Najua kwamba hukumu hiyo ni ya tuhuma ya zinaa. Lakini katika aya hizo hizo wanakemewa pia wale walioyapokea maneno kwa ndimi zao wakayaona mepesi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, Kibwezi, na kikombe mkononi.

Tena wanachuoni wengi wamepokea kwamba miongoni mwa waliopigwa viboko hivyo alikuwamo Hassan bin Thabit. Naye alikuwa mshairi, tena mshairi wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Uzeeni alipofuka macho, na Bibi Aisha hakukubali mtu amtukane Hassan mbele yake, kwa kuwa aliwahi kumtetea Mtume kwa mashairi yake.

Nilikisoma kisa hicho chuoni nikiwa mtoto, na niliporudi kutoka Kitui nikakisoma tena. Ule ubeti wangu sikuuandika mahali popote. Lakini kijana yule alikuwa nao katika simu, na sina shaka kwamba ulifika Mutomo kabla ya basi letu.