Mama yake Lincoln alikuwa binti wa nani?

Yapata mwaka 1850, mawakili wawili wa mji wa Springfield, jimbo la Illinois huko Marekani, walikuwa safarini ndani ya gari la kukokotwa na farasi mmoja, wakienda mahakamani katika wilaya ya jirani. Mmoja alikuwa William Herndon. Wa pili alikuwa Abraham Lincoln, ambaye mwaka 1860 alichaguliwa kuwa Rais. Kesi waliyokuwa wakiiendea ilihusu tabia ambazo mtoto huzirithi kwa wazazi wake, na labda hiyo ndiyo iliyomfungua Lincoln kinywa. Alimwambia mwenzake kwamba mama yake, Nancy Hanks, alizaliwa nje ya ndoa. Alikuwa mtoto wa Lucy Hanks na bwana mmoja mwenye mashamba huko Virginia. Kisha akanyamaza kwa huzuni.

Herndon alipoyachapisha maneno hayo katika kitabu chake mwaka 1889, Lincoln alikuwa amekwisha kuuawa tangu 1865, na waliomheshimu marehemu walikasirika. Ndipo ulipoanza ubishi juu ya nasaba ya mwanamke wa shamba ambaye hakuacha barua wala picha.

Maisha yake yanajulikana kwa uchache. Alizaliwa Virginia, yasemekana mwaka 1784, akalelewa Kentucky katika nyumba za jamaa. Juni 12, 1806 aliolewa na Thomas Lincoln, seremala. Wapinzani wa mwanawe walieneza uvumi kwamba hata ndoa hiyo haikuwako, kwa sababu ilitafutwa katika daftari za wilaya moja isionekane. Kumbe walikosea wilaya! Karatasi zilikuwa Washington County, na karani wa huko alizitoa miaka zaidi ya kumi baada ya Lincoln kufa. Hati ya dhamana ya ndoa ilitiwa sahihi na Richard Berry, akajiandika kuwa mlezi wa bi harusi. Sisi tungesema ndiye aliyesimama kuwa walii. Na msomaji atauliza mara moja: baba yake alikuwa wapi?

Nancy alizaa watoto watatu, mmoja akafa mchanga. Mwaka 1816 familia ilihamia msitu wa Indiana. Oktoba 5, 1818 akafariki kwa ugonjwa wa maziwa, yaani sumu ya gugu lenye maua meupe ambalo ng'ombe hula, na sumu yake ikapita katika maziwa mpaka kwa mnywaji. Abraham alikuwa na miaka tisa. Kaburi lilikaa bila jiwe la maana mpaka 1879.

Turudi kwenye ubishi. Mwaka 1899 Bibi Caroline Hanks Hitchcock alitoa kitabu akidai kwamba Nancy alikuwa binti halali wa Joseph Hanks, mkulima wa Kentucky. Ushahidi mkubwa ulikuwa wasia wa Joseph wa mwaka 1793, ambamo ametajwa binti aitwaye Nancy. Lakini katika ukoo ule jina la Nancy lilikuwa kama Fatuma kwetu, kila nyumba unalo. Nancy wa wasia alikuwa mwingine, mama wa Dennis Hanks. Wengine wakashika njia ya pili. Walisema Lucy alikuwa mjane, mwanamke wa ukoo wa Shipley aliyeolewa na kijana wa akina Hanks, na Nancy ni matunda ya ndoa hiyo. Kwa maelezo haya aibu ingefutika kabisa.

Mchungaji William Barton hakuridhika. Alikwenda akafukua majalada ya mahakama, na katika wilaya ya Mercer ikaonekana kwamba mwaka 1789 Lucy Hanks alishtakiwa kwa uzinifu. Mwaka 1791 aliolewa na Henry Sparrow, wakazaa watoto wengi. Jina la Lucy halimo katika wasia wa 1793. Wapo walioona kuwa hilo lathibitisha hakuwa binti wa Joseph. Mimi naona baba aliyekasirika huweza kumwacha binti yake nje ya karatasi, na bado akabaki binti yake.

Jawabu lilipatikana mwaka 2015, kwa njia ya vinasaba. Sisi tumezoea kuhesabu fulani bin fulani, kwa upande wa baba. Lakini iko sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na ni binti tu anayeipitisha mbele. Nancy mwenyewe hakuwa na njia hiyo: binti yake Sarah alifariki katika uzazi mwaka 1828, na mtoto hakuishi. Kwa hiyo watafiti waliwatafuta wazao wa mabinti wengine wa Lucy, na wazao wa mabinti wa Ann Lee, mke wa Joseph Hanks, binti kwa binti mpaka walio hai. Alama ikawa moja, tena ni alama adimu sana. Lucy hakuingia kwa akina Hanks kwa kuolewa; alizaliwa humo. Hadithi ya mjane wa Shipley ikaanguka.

Hata hivyo vinasaba hivyo havikutoka kwa Nancy. Kwamba Nancy ni mtoto wa Lucy twalijua kwa karatasi, na kwa maneno ya mwana aliyesema mara moja ndani ya gari la farasi jambo ambalo lingemharibia jina lake mwenyewe. Mtu hazui aibu ya mama yake.

Limebaki jambo moja. Yule bwana wa Virginia, babu yake Rais, Lincoln hakumtaja jina.