TUWAELEZE WATOTO: KILA CHOMBO KILIANZA NA SHIDA

Mtoto akiuliza ni nani alitengeneza redio, mara nyingi anajibiwa, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wazungu." Akifungua redio mbovu apate kuona ndani, anachapwa. Polepole anajifunza kwamba kufikiri ni kazi ya watu wengine walio mbali, na kazi yake yeye ni kununua tu. Hasara hiyo inashinda hasara ya redio.

Shuleni watoto hukariri majina ya wavumbuzi kwa ajili ya mtihani. Sisi wazazi na viongozi wa vikundi tunaweza kuongeza jambo moja: kuwaonyesha kwamba kila uvumbuzi ulianza na shida, na mtu akajaribu, akakosea, akajaribu tena.

Tuanze na jiko

Lile jiko la makaa la bati lenye udongo ndani lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu hapa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la kule Thailand. Pamoja na mafundi wa jua kali, wakalibadilisha lifae upishi wetu. Wakalipa kitako kipana, lisimame imara mtu anaposonga ugali. Shida ilikuwa nini? Jiko la bati tupu hupoteza moto mwingi ubavuni, na gunia la makaa linaisha upesi. Udongo uliochomwa unauzuia moto usipotee. Basi hapa mtoto anajifunza kwamba si lazima mvumbuzi aanze na mikono mitupu. Anaweza kuazima wazo na kuliboresha.

Louis na nukta sita

Louis Braille alizaliwa mwaka wa 1809 huko Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka 3, alichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hadi jicho la pili, na kufikia miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Akiwa na miaka 10 alipelekwa shule ya vipofu mjini Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi kubwa zilizoinuliwa, vizito, na kusoma kulichukua muda mrefu. Mwanajeshi mmoja, Charles Barbier, alikuwa ameleta maandishi ya nukta, lakini alama moja iliweza kuwa na nukta 12, kubwa kuliko ncha ya kidole. Louis alishughulika nazo mpaka akazipunguza kuwa 6. Hiyo ilikuwa 1824, naye alikuwa na miaka 15 tu! Shule yake iliyakubali rasmi maandishi hayo mwaka wa 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Leo yanatumika ulimwenguni kote, hata katika shule ya vipofu ya Thika.

Kijana wa Malawi

Mwaka wa 2001 na 2002 njaa iliikumba Malawi. William Kamkwamba, mwenye miaka 14, aliacha shule kwa kukosa karo. Katika maktaba ndogo ya kijijini aliona kitabu chenye picha ya mtambo unaogeuzwa na upepo kutoa stima. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, basi akafuata michoro. Akatafuta feni ya trekta, vipande vya baiskeli, bomba la plastiki na miti ya mkaratusi. Watu wakasema ana wazimu. Kumbe taa iliwaka! Baadaye alirudi shule, na mwaka wa 2014 akahitimu chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Tufanye nini?

1. Tuchague kitu kimoja kwa wakati: kalamu, baiskeli, taa. Tuwaulize watoto: Kabla ya kitu hiki watu walifanyaje? Shida ilikuwa nini? Ni nani alipata nafuu?

2. Tuwape nafasi ya kujaribu. Mtu mzima amimine maji ya moto katika mikebe miwili sawa yenye vifuniko. Mmoja uachwe mezani. Wa pili uwekwe kikapuni na kuzungushiwa majani makavu ya migomba. Baada ya saa moja, watoto waguse mikebe yote miwili. Wataelewa wenyewe kazi ya udongo wa jiko.

3. Tuwawekee sanduku la waya, vifuniko vya chupa na slipa kuukuu. Akitengeneza gari la waya, tumwulize amelifanyaje, tusimcheke. Lakini tukumbuke jicho la Louis: vitu vyenye ncha viwe mbali na wadogo. Stima isichezewe, wala betri zisipasuliwe.

4. Wasichana wasiachiwe sufuria wakati wavulana wanajaribu. Anayechota maji kila siku ndiye anayeijua shida ya maji.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Ni shida gani hapa kwetu ambayo watoto wanaiona, na hatujawauliza maoni yao?
- Ni fundi gani wa hapa kwetu, mwanamume au mwanamke, tunaweza kumwalika aongee na watoto?
- Mtoto akiharibu kitu kwa kutaka kujua, tutamfanyia nini?