Jeshi likivuka mpaka, tulipime kwa lipi?

Jumapili ya Oktoba 16, 2011, wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia huku mahindi ya Lugari yakingoja kuvunwa. Chekalini, wadi ya wakulima ya Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, ilizipata habari hizo kupitia redio: mji fulani umetwaliwa, magaidi kadhaa wameuawa, vijana wetu wanasonga mbele. Hazikuwa habari za mbali. Ukipanda matatu ukapitia Turbo unafika Eldoret, penye Moi Barracks, makao ya Kikosi cha 9 cha Kenya Rifles na mahali ambapo makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) hupikwa wakaiva. Huku kwetu, mtoto akiandikwa jeshini, mshahara wake ndio karo ya wadogo zake na mabati ya nyumba ya mamake. Kwa hiyo kujua jeshi linaendeleaje huko lilikovukia si shughuli ya majenerali peke yao.

Miezi ile ya mwanzo tulipima vita kwa majina ya miji. Dhobley, Tabda, Afmadow, hatimaye Kismayu. Kila jina jipya lilipokelewa kama ushindi. Kipimo hicho ni cha zamani, na zamani kiliwahi kusema kweli. Mwaka 1941 askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walitoka Kenya kuwashambulia Waitaliano waliokuwa wakiitawala Somalia. Kismayu ilianguka Februari 14, Mogadishu Februari 25, na Aprili 6 wakaingia Addis Ababa. Aliyehesabu maili siku zile alikuwa akihesabu kitu chenye maana, kwa sababu adui alikuwa na makao makuu, bohari, bandari na magavana wa kusalimu amri. Ukimpokonya hivyo, amekwisha.

Al-Shabaab, wanamgambo ambao KDF iliwafuata Somalia, hawakuwa adui wa aina hiyo. Mvua za vuli zilikwamisha magari ya KDF kwenye matope ya Juba ya Chini, na Afmadow haikutwaliwa hadi mwisho wa Mei 2012. Septemba 28 mwaka huo wanajeshi wetu walishuka Kismayu kutoka baharini, operesheni ambayo Kenya haikuwa imewahi kuifanya, na waliostahili sifa wapewe sifa zao. Lakini wapiganaji wa Al-Shabaab walihama mji usiku. Walikwenda Jilib na vijiji vya bonde la Juba, na bunduki zao mikononi. Mji uliotwaliwa huku jeshi la adui likibaki zima humwongezea mvamizi kazi: kambi nyingi zaidi za kulinda, na barabara ndefu zaidi za kupitishia maji, chakula na risasi. Katika barabara hizo ndimo Al-Shabaab walimotega mabomu yao.

Anayetaka kujua kama jeshi vamizi linaendelea vizuri na aanze hapo, kwenye lori la chakula. Je, linapita mchana bila kusindikizwa na magari ya deraya? Je, kambi ya nyuma inaweza kuifikia kambi ya mbele usiku ikishambuliwa? Warusi walipovamia Ukraine Februari 24, 2022, ramani za televisheni zilionyesha Kyiv ikikaribia kuzingirwa. Picha za setilaiti nazo zilionyesha msururu wa magari wa kilomita 64 hivi umesimama barabarani kaskazini mwa mji. Aliyetazama ramani alisema mji umekwisha. Aliyetazama msururu aliuliza mafuta yako wapi. Kufikia mapema Aprili Warusi walikuwa wameondoka eneo lote la Kyiv.

Kipimo cha pili, na kwangu ndicho kikubwa, ni lengo ambalo serikali yenyewe ililitaja siku ya kuvuka. Mkulima wa Lugari hahesabu mavuno mwezi wa Juni kwa kuwa shamba ni kijani, husubiri magunia. Mwaka 2011 mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji waliwaambia Wakenya kwamba jeshi linawafuata Al-Shabaab ili kukomesha utekaji nyara. Wageni walikuwa wametekwa Kiwayu na Manda, kisha wahudumu wawili wa misaada wakatekwa Dadaab. Tulipime kwa hilo, basi. Novemba 2018 mhudumu wa misaada kutoka Italia alitekwa Chakama, Kilifi. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa Mandera. Na kabla ya hapo damu ilikuwa imemwagika zaidi ndani ya nchi kuliko ilivyokuwa kabla ya kuvuka: watu 67 waliuawa katika jumba la maduka la Westgate Septemba 2013, Mpeketoni ikashambuliwa mwaka uliofuata, kisha 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015. Wapo wanaosema mambo yangekuwa mabaya zaidi kama tusingevuka. Huenda. Lakini hoja hiyo haina namna ya kupimwa, na jeshi halipimwi kwa jambo lisilotokea.

Lipo pia suala la nani anatawala baada ya bunduki kunyamaza. Kenya ilitaka Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana nayo, liwe ngao, na tangu 2013 Ahmed Madobe, aliyepigana bega kwa bega na KDF, ndiye rais wa jimbo hilo. Kwa hesabu ya Nairobi hayo ni mafanikio. Hata hivyo, Desemba 2024 majeshi ya Madobe na yale ya serikali kuu ya Somalia yalipigana Ras Kamboni, mlangoni mwa Lamu, na askari wa Mogadishu wakakimbilia upande wetu. Mkaa nao uliitia KDF doa. Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku usafirishaji wake kutoka Somalia Februari 2012, lakini wachunguzi wa umoja huo huo wakaripoti kwamba shehena ziliendelea kutoka bandari ya Kismayu ikiwa chini ya ulinzi wa KDF. Jeshi lilikanusha.

Sasa tuje kwenye idadi ya waliokufa, ambayo ndiyo iliyogusa nyumba za huku. Alfajiri ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF huko El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia. Waliokuwa kambini walitoka Kikosi cha 9, kile cha Eldoret. Januari 27 ibada ya kuwakumbuka ilifanyika Moi Barracks, na marais watatu wakahudhuria: Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Viongozi walihutubu, lakini idadi haikutajwa. Kituo cha CNN baadaye kilihesabu angalau 141. Rais wa Somalia alitaja kati ya 180 na 200, na Kenya ikapinga. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa. Jeshi lilisema limepoteza wanajeshi 9, na Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50.

Najua majeshi yote huficha hasara wakati wa vita, ili adui asifurahi. Ila adui wa El Adde alikuwa pale kambini. Alipiga picha za video na kuzisambaza. Aliyefichwa hesabu ni mzazi aliyemtoa mwanawe, na mlipakodi anayelipia vita. Tena idadi ile inafunua mambo ambayo ramani haiwezi kuyafunua: kama kambi ilikuwa na watu wa kutosha, kama onyo lilipuuzwa, kama msaada ulichelewa na kwa nini. Bila majibu hayo, Kulbiyow ilifuata.

Hukumu yangu ni hii. Kwa miji, KDF ilifanikiwa. Kwa usalama wa nyumbani uliotajwa kuwa sababu ya kuvuka, miaka ya mwanzo ilikuwa ya hasara kubwa, na lengo lililotangazwa halijatimia. Januari 2025 ujumbe mpya wa Umoja wa Afrika, AUSSOM, ulianza kazi Somalia, Kenya ikiwa mmoja wa wachangiaji wa askari, na mtu wa Chekalini bado hajaambiwa kazi imekwisha.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wizara ya Ulinzi na itoe idadi kamili ya wanajeshi waliokufa El Adde, pamoja na ripoti ya uchunguzi wa shambulio hilo, na ianze kwa kuwapa wazazi wao.