Fishi mbili zinazofanana si lazima ziwe moja

Tarehe 28 Novemba 1964 watumishi wanne wa Mungu waliuawa katika pande zetu: Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin kule Baraka, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert kule Fizi. Walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mfratri anayetaka kuandika habari zao hukusanya vitabu, makala na barua, na kuziandikia fishi katika ordinatere kwa programu kama Zotero. Hapo shurti ajihadhari.

Programu hiyo hutafuta fishi zilizoandikwa mara mbili na kuzionyesha mahali paitwapo “Doublons”. Hutambuaje? Haisomi kitabu chenyewe. Hulinganisha kichwa pamoja na namba ya ISBN ama DOI. Namba zikikosekana, hutazama mwaka, usipitane zaidi ya mmoja, na mwandishi: jina lake la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lingine. Basi yaweza kukosea.

Tutoe mfano. Daniel Biebuyck aliandika The Arts of Zaire: buku la kwanza, la kusini-magharibi, lilitoka 1985, la pili, la mashariki, ndiyo kwetu, lilitoka 1986. Tusipoandika ISBN wala namba ya buku katika kichwa, programu itadhani ni kitu kimoja. Tukiziunganisha, tutampeleka msomaji katika buku lisilo lake.

Tufanye nini basi? Katika kitabu cha Ubatizo hatufuti Yohana mmoja kwa sababu Yohana mwingine alibatizwa siku ileile. Tunatazama kwanza majina ya wazazi. Vivyo hivyo hapa:

1. Kabla ya kuunganisha, tufungue fishi zote mbili na kulinganisha buku, mwaka na kurasa.

2. Zikiwa mbili kweli, kila moja ipewe ISBN yake. Barua hazina ISBN. Kwa hiyo tusiandike “Barua” tu, bali tutaje siku na mahali.

3. Tukiwa tumekwisha kukosea, fishi iliyoondolewa ingali katika kapu la takataka. Tuirudishe kabla kapu halijamwagwa.

Tena tuandike majina kamili. Padri Albert Joubert alikuwa mwana wa Kapteni Joubert, aliyefariki 1927. Mwenye kuandika “Joubert” tupu anachanganya baba na mwana, na kosa hilo hakuna programu itakayomwonyesha.