Alama Zinazokataliwa na Kompyuta

Mtumishi wa ofisi anapochagua neno la siri la kumwingiza katika kompyuta ya kazini, hupewa masharti: lazima pawe na herufi kubwa, tarakimu na alama, lakini alama nyingine, hasa ile ya mtajo, zimekatazwa. Kwa nini hii itakiwe na ile ikataliwe?

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara za Bell huko Marekani, walichapisha uchunguzi wa maneno ya siri 3,289. Asilimia 86 hivi yalikuwa mafupi au mepesi, ama yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Ndipo sharti la kuchanganya lionekanapo kuwa la busara. Hata hivyo, hesabu yaonyesha jambo jingine. Alama 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 95 za kibodi ya Kiingereza hupangika kwa njia 6,600,000,000,000,000 hivi. Herufi ndogo 12 tupu, zilizochaguliwa vivyo hivyo, hupangika kwa njia zaidi ya hizo mara 14. Tena binadamu hachagui kwa bahati nasibu: akilazimishwa, huanza na herufi kubwa na kumalizia na tarakimu 1, na mwizi alijua hilo zamani.

Katazo la alama ya mtajo lina asili tofauti. Katika SQL, lugha ya kuziamuru hazina za taarifa, alama hiyo huonyesha maandishi yanapoanzia na yanapokomea. Programu iliyotungwa ovyo huyachanganya maneno ya mtumiaji na amri zake yenyewe. Alama moja ikipenya, yanayofuata husomwa kama amri. Dawa yake ni kuyatenga maneno na amri, wala si kuikataza alama. Isitoshe, neno la siri halipasi kuhifadhiwa lilivyo. Husagwa kwanza kwa kanuni ya hisabati isiyorudi nyuma, kama unga usivyorudi kuwa punje, na ndani ya unga huo hakuna alama ya mtajo iliyosalia. Kwa hiyo katazo hilo lazua shaka juu ya kinachotendeka ndani ya mtambo.

Mwaka 2017 Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilishauri masharti ya kuchanganya yaachwe, alama zote zinazochapika zikubaliwe, hata nafasi tupu, na urefu uruhusiwe kufika angalau 64.