Fizikia Mtaani: Kutengeneza Kishikio cha Kamera kwenye Pikipiki

Chukulia kuwa kaka yako ni dereva wa bodaboda. Amekubali mfunge simu yake kwenye usukani ili mrekodi safari ya kwenda sokoni. Mnaporudi, video yote inatikisika. Mnakaza bolti zaidi, lakini hali ni ileile. Kosa liko wapi? Jibu limo katika mada mbili ulizokwisha kuzisoma.

Mitetemo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, gawanya kwa 60 upate mara 100 kwa sekunde. Injini ya pistoni moja, basi, huitikisa fremu kwa masafa ya hezi 100 hivi. Kumbuka kuwa kila kifaa kina masafa yake ya asili. Masafa ya injini yakilingana nayo, mtikisiko hukua sana. Hali hii huitwa resonansi. Mkono mrefu na mwembamba una masafa ya asili madogo, hivyo injini huyafikia kwa urahisi. Mkono mfupi na mnene una masafa makubwa zaidi.

Momenti. Simu ya gramu 200 ina uzito wa niutoni 2 hivi. Ikikaa kwenye mkono wa sentimita 25, momenti ni 2 × 0.25 = 0.5 Nm. Kwenye mkono wa sentimita 10, ni 2 × 0.10 = 0.2 Nm tu. Pikipiki ikiingia kwenye shimo, kani huongezeka, na mkono mrefu ndio unaopinda kwanza.

Hatua za kutengeneza
1. Kata kipande kifupi cha chuma bapa kiwe mkono.
2. Zungushia usukani kipande cha tyubu kuukuu, kisha ufunge mkono juu yake kwa kibano chenye bolti mbili.
3. Weka tabaka la mpira kati ya mkono na kibebea simu. Mpira hugeuza sehemu ya nishati ya mtetemo kuwa joto.
4. Kwenye kila bolti funga nati mbili, moja juu ya nyingine, zisilegezwe na mtetemo. Kamera nyingi hutumia bolti ya robo inchi.
5. Funga simu kwa kamba ya pili kwenye fremu. Kishikio kikivunjika, simu isimwangukie anayekuja nyuma.

Tahadhari. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Kishikio kisiguse breki, nyaya wala taa. Anzeni kurekodi kabla ya kuondoka. Dereva asiguse simu akiwa barabarani. Simu yenyewe pia inaweza kuumia: mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha watumiaji wa iPhone kwamba mitetemo mikali ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu mfumo wa kamera.

Kosa la kawaida. Wanafunzi wengi hujibu kuwa kukaza bolti huondoa mtetemo. Sivyo. Kukaza huzuia kishikio kisicheze, lakini mtetemo wa fremu bado hupita hadi kwenye simu. Taja vyote viwili: mkono mfupi na imara, na mpira wa kupunguza mtetemo.

Jipime
(a) Injini ya pistoni moja inazunguka mara 4,500 kwa dakika. Tafuta masafa ya mtetemo wake.
(b) Tafuta momenti ya simu hiyohiyo kwenye mkono wa sentimita 15.

*Majibu: (a) hezi 75, (b) 0.3 Nm.*